Hilux yangu: asubuhi breki iko juu, nikitoka kwenye rasta pedeli inazama. Nimebadilisha masta silinda na bado

MkokaAlizeti (Jumamosi, saa 3 usiku)

Wakuu habari za usiku. Naomba msaada wenu kabla sijaua mtu barabarani.

Nina Hilux ya zamani, singo kebini, injini ya dizeli 3L, foo wili, mbele diski na nyuma dramu. Nabebea alizeti na mahindi kutoka vijiji vya Mkoka kuleta Kibaigwa sokoni, na mara moja moja nafika nayo Dodoma mjini. Tatizo lake linanichanganya. Asubuhi nikiwasha, pedeli iko juu na breki inashika vizuri kabisa. Nikishatembea kwenye vumbi lenye rasta, yale mawimbi madogo madogo ya barabara, nikikanyaga mara ya kwanza pedeli inashuka karibu iguse kapeti. Nikiachia na kukanyaga tena papo hapo, inasimama juu kama hakuna kilichotokea. Nikiingia lami, ikishakanyagwa mara moja au mbili, inakaa sawa njia nzima. Kuna siku haifanyi kabisa.

Juzi nateremka kuingia korongoni, ng'ombe wakakatiza. Mguu wa kwanza haukukuta kitu. Wa pili ndio gari likasimama, ndama wa mwisho yuko hatua moja mbele ya bampa, vumbi la kwato zake linatua kwenye boneti. Mke wangu alikuwa pembeni yangu na mtoto mapajani. Usingizi umenikimbia tangu siku hiyo.

Mpaka sasa nimefunga masta silinda ya mtumba (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga), nimeweka pedi mpya mbele, na upepo umetolewa kwenye mabomba ya breki mara tatu na mafundi wawili tofauti. Mafuta ya breki hayapungui kwenye chupa, na hakuna tairi lenye ulowevu. Fundi sasa anasema ninunue busta, ile inayoongezea mguu nguvu. Nauliza, ni busta kweli?

Dereva_Bahi

Pole sana mkuu. Hiyo ya kukanyaga mara mbili ndiyo inashika ni upepo huo. Toeni upepo kwa mpangilio: anzeni nyuma kwenye tairi lenye bomba refu, malizieni mbele karibu na masta. Mafundi wengi wanaanza popote pale.

MkokaAlizeti

Asante mkuu. Mara ya tatu nilisimamia mwenyewe. Tulianza nyuma, mafuta yakatoka safi bila povu hata moja. Siku mbili nzuri, ya tatu tatizo limerudi.

Mzee_wa_Dramu (Jumapili, saa 12 asubuhi)

Kijana wangu, hela ya busta iweke mfukoni kwanza.

Nimefungua breki za magari haya tangu enzi za Hilux za kabureta, na neno moja la maelezo yako limenifanya nikae niandike: rasta. Umesema asubuhi nzuri, lami nzuri, rasta mbaya. Upepo ukiingia kwenye mabomba haujui kama uko lami au vumbi. Utaukuta asubuhi, mchana na usiku, na pedeli itakuwa laini kama unakanyaga sifongo. Busta nayo ikifa, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na gari halisimami. Haizami. Kwenye dizeli yako busta inavutwa na pampu ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya altaneta, kwa sababu dizeli hii haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi. Pampu ikichoka au mpira wake ukipasuka, utaona pedeli inakuwa ngumu, hasa injini ikiwa sailensa, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Wewe hujalalamikia ugumu hata mara moja.

Nataka uiulize pedeli yenyewe. Leo ni Jumapili, gari limepaki. Weka mawe kwenye matairi, kisha fanya haya kwa utaratibu na uniletee majibu yote, hata yale unayoona hayana maana.

Kwanza, injini imezimwa, kanyaga mara nne au tano mpaka pedeli iwe ngumu. Acha mguu juu yake, washa injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta inafanya kazi. Halafu, injini ikiwa inaunguruma, shikilia pedeli ukiwa umekanyaga, zima injini na uendelee kushikilia kama nusu dakika. Isipande wala kushuka. Hapo utakuwa umepima kama busta inavuja.

Baada ya hapo washa tena, kanyaga kwa upole, uzito wa mguu tu, dakika nzima. Usitumie nguvu. Masta silinda iliyochoka ndani huonekana zaidi kwenye mguu mwepesi, maana nguvu nyingi hubana raba zikashika kwa muda. Pedeli ikizama taratibu na mafuta hayavuji popote, raba za ndani zinapitisha.

Mwisho, vuta hendibreki mpaka mwisho, kanyaga, upime pedeli imesimama wapi. Iachie, kanyaga tena. Andika tofauti yake kwa vidole.

Nyangoro_Chini

Shikamoo Mzee_wa_Dramu. Naomba niongeze kitu ambacho kilinipata mimi, maana dalili zinafanana kwa mbali.

Mimi naendesha pikapu kati ya Dodoma na Iringa kwa njia ya Mtera. Mwaka jana, kushuka Mlima Nyang'oro nikiwa na shehena ya vitunguu, breki ilikuwa nzuri kona za mwanzo, kuelekea chini pedeli ikawa laini, inaenda mbali. Nikapaki chini, nikaacha ipoe kama saa moja, ikarudi sawa bila kuguswa. Fundi alikuta mafuta ya breki meusi kama chai ya rangi. Hayakuwahi kubadilishwa tangu ninunue gari. Yale mafuta yanafyonza maji ya hewani. DOT 3, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishalewa maji inaruhusiwa kushuka mpaka 140. Kikichemka kile kimaji kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, kinakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo. Tangu hapo nabadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili na mlima nashuka kwa gia ile ile ambayo ningepandia.

MkokaAlizeti, yako inatokea ukiwa umekanyaga breki sana kabla?

Mzee_wa_Dramu

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri, likajibiwe.

MkokaAlizeti (Jumapili, saa 9 alasiri)

Shikamoo mzee wangu. Dada, hapana. Inatokea hata kama sijagusa breki kilomita tano nzima. Tena hapo ndipo inapokuwa mbaya zaidi.

Majibu ya vipimo:
Busta: pedeli ilishuka kidogo nilipowasha. Nilipozima nikiwa nimekanyaga, haikusogea.
Mguu mwepesi dakika moja: haikuzama. Nimerudia mara tatu, mke wangu akishika saa.
Hendibreki: ikiwa imevutwa, pedeli inasimama juu kwa kama vidole viwili zaidi. Ila mzee, hendibreki yenyewe inapanda meno kumi na nne ndiyo ishike, na inashika kidogo tu. Sijaitumia miaka. Huwa naegesha kwa gia.

Mzee_wa_Dramu

Marahaba. Umefanya kazi nzuri kuliko gereji mbili ulizopita.

Sasa angalia. Masta uliyonunua ni nzima kwa kipimo hicho, na naogopa hata ile ya zamani ilikuwa nzima. Umeitupa?

Nyuma una tatizo la wazi. Kwenye Hilux hizi, kile kirekebishio cha dramu hakijirekebishi kwa kukanyaga breki. Kinasukumwa na hendibreki. Ukivuta hendibreki, kile kiwiko kilicho nyuma ya bamba la dramu kinavuta kebo, wenzo wa ndani unasogeza jino la kirekebishio. Usipotumia hendibreki miaka, viatu vya breki vinalika, nafasi kati yake na dramu inakua, na hakuna anayeiziba. Ukivuta hendibreki unavisogeza viatu karibu na dramu kwa mkono, ndiyo maana pedeli imepanda vidole viwili. Na kile kiwiko kiko nje, kinakula tope la makorongo na vumbi la Kongwa mwaka mzima, kwa hiyo kimekwama. Weka hilo pembeni kwanza.

Pembeni kwa sababu nafasi ya viatu ingekupa pedeli ya chini kila siku, asubuhi na jioni. Haielezi rasta. Dada wa Nyang'oro kauliza vizuri na wewe umejibu vizuri zaidi: kadiri usivyogusa breki, ndivyo inavyozidi kuwa mbaya. Kitu kinazirudisha pedi nyuma wakati unatembea.

Kalipa zako za mbele zimefungwa imara kwenye nakoli, kile chuma kinachogeuka na tairi ukikata kona. Zina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na hazitelezi kama za magari madogo. Diski nayo imefungwa kwenye habu, kitovu kinachobeba tairi. Beringi za habu zikilegea, kila rasta inaitikisa habu, diski inayumba kulia na kushoto na kuzisukuma pistoni ndani ya kalipa. Hata nusu milimita inatosha, maana pistoni ni kubwa kuliko ya masta, na nafasi ndogo kule ni safari ndefu ya pedeli huku. Mguu wa kwanza unaziba ile nafasi tu. Wa pili ndio unakamata diski. Ukifika lami habu haitikisiki, pedi zinabaki zilipo, na wewe unaona gari limepona.

Usiniamini kwa maneno. Gari likiwa limepaki na pedeli iko juu, piga jeki mbele kushoto, weka gogo chini ya ekseli, usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise kwa nguvu mara kumi. Bila kugusa kitu kingine, ingia ndani ukanyage. Kama mguu wa kwanza umezama, umeuleta ugonjwa wa rasta hapo hapo uani kwako. Fanya na kulia.

Kisha mtu akanyage breki na kushikilia wakati wewe unatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za nakoli, juu na chini pale tairi linapokatia kona, na hiyo ni kazi nyingine.

Spea_Majengo

Mzee naheshimu uzoefu wako, ila mimi nauza spea na nimeona nyingi zinazofanana na hii zikiwa mipira ya breki, ile ya kupitisha mafuta, imeoza ndani. Kwa nini usianzie hapo, ni rahisi zaidi?

Mzee_wa_Dramu

Ni kweli mipira huoza, na ya gari la umri huu ningeibadilisha hata bila sababu. Lakini mpira ukivimba ndani unafanya kinyume: mafuta yanaenda kwa nguvu ya mguu na yanashindwa kurudi. Breki inabaki imeshika, tairi moja linachemka, gari linavuta upande mmoja. Mpira ukichoka kuta zake, unatanuka ukikanyaga, na pedeli inakuwa laini siku zote. Hakuna mpira unaopona kwenye lami.

MkokaAlizeti (Jumatatu, saa 1 usiku)

Wakuu, mikono bado inatetemeka.

Kulia: nimetikisa, nimekanyaga, pedeli juu.

Kushoto: nimetikisa mara kumi, nimeingia, nimekanyaga. Ikaenda chini mpaka kapeti. Ya pili juu. Nimerudia mara nne na kila mara ni hivyo hivyo. Mke wangu akakanyaga na kushikilia, nikatikisa, mchezo haupo. Akaachia, mchezo umerudi, na kuna mlio mdogo ndani, kok, kok. Miezi yote hii nilikuwa nausikia mlio huo nikidhani ni boksi la spana nyuma ya siti.

Nyangoro_Chini

Mungu mkubwa. Usiliendeshe hivyo kaka, hata kufika gereji. Mlete fundi nyumbani.

MkokaAlizeti (Jumatano, saa 2 usiku)

Fundi amekuja na soketi ya 54. Amefungua kofia ya foo wili, tukafika kwenye nati mbili za habu na ile washa, kibati cha duara cha kufungia, katikati yake. Washa haikuwa imekunjwa hata sikio moja! Masikio mawili yalishakatika, inaonekana ilitumika mara nyingi, aliyefunga mara ya mwisho akairudisha hivyo hivyo. Nati ya nje nimeizungusha kwa vidole viwili ikatoka.

Grisi imetoka ya kijivu, ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia mchanga. Beringi ya nje, roli zake zina vishimo vidogo vidogo, na kikombe chake kina alama kama kucha zimepita. Ya ndani haijawa mbaya sana ila fundi kasema tubadilishe zote na vikombe vyake. Kikombe cha zamani na beringi mpya haviendi pamoja. Sili mpya, washa mpya. Alikaza nati huku mimi nazungusha tairi, akailegeza, akaikaza tena polepole, akapima mvuto wa habu kwa mzani wa kamba, ndipo akakunja masikio ya washa. Nilimwambia anionyeshe kabla hajafunga, na alinionyesha.

Kulia naye kafungua, beringi nzima, kasafisha na kujaza grisi mpya.

Nyuma ilikuwa kama mzee alivyosema. Kiwiko cha kulia kimekwama kabisa kwa tope lililokauka kama tofali, cha kushoto kinasogea nusu. Tumevitoa, brashi ya waya, mafuta, grisi. Dramu tumezifungua, tumesafisha kwa kitambaa chenye maji badala ya kupuliza upepo, maana fundi kasema vumbi la viatu vya zamani ni sumu ya mapafu. Tuliporudisha nikakaa ndani navuta na kuachia hendibreki, yeye amelala chini anasikiliza. Tik. Tik. Tik. Kama mara thelathini hivi, mpaka milio ikaisha. Sasa hendibreki inashika kwenye jino la saba.

Kibaigwa_Mizigo

Hongera sana mkuu. Nisaidieni na mimi, sijafungua uzi mwingine kwa sababu linahusiana. Pikapu kama hiyo, niliongeza majani mawili ya springi nyuma kwa ajili ya mahindi. Tangu hapo nikiwa na mzigo gari linainama sana mbele nikifunga breki, na pedi za mbele zinaisha upesi. Nyuma viatu vipya, hakuna upepo.

Mzee_wa_Dramu

Chungulia chini, juu ya ekseli ya nyuma. Utaona fimbo ya springi imetoka kwenye ekseli inakwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Ile valvu inapima mzigo kwa kuangalia chasisi imeshuka kiasi gani. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasifunge na kuteleza. Likibeba, chasisi inashuka, valvu inafungua breki za nyuma zifanye kazi.

Wewe umeongeza majani, chasisi haishuki tena. Una tani ya mahindi mgongoni na valvu bado inaamini gari ni tupu. Breki zote zimeangukia mbele. Kwanza hakikisha fimbo haijavunjika na valvu haijakwama kwa kutu. Kisha ile fimbo irekebishwe urefu kulingana na kimo kipya, kwa kipimo cha presha, kwa fundi mwenye geji. Usiikisie, na usikubali mtu aifunge kwa waya ibaki wazi, maana siku ukiwa tupu na kuna mvua, mkia utakupita.

Na ukitoa upepo, angalia kama valvu yako ina nipo yake, kile kitundu cha kutolea upepo. Wengi wanaisahau.

Jambo jingine kwa wote mnaotoa upepo kwa kukanyaga: wekeni kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho. Masta ya miaka mingi ina kutu na uchafu sehemu ambayo raba hazifiki siku za kawaida. Ukiipeleka mpaka chini mara hamsini, raba zinachanika pale. Unaingia na tatizo la upepo, unatoka na masta mbovu.

Spea_Majengo

Hili la ubao nalichukua. Nami niwaombe wateja: msiongeze mafuta ya usukani wala oili yoyote kwenye chupa ya breki, hata tone. Raba zote za mfumo mzima zinavimba. Ukiona raba ya mfuniko wa chupa imevimba na haikai tena kwenye nafasi yake, tayari imeshatokea.

MkokaAlizeti (Jumapili, saa 11 jioni)

Nimetoka Mkoka leo na magunia kumi na mbili. Nilikwenda peke yangu, mke wangu nilimwambia abaki. Kwenye rasta nilikaa bila kugusa breki mpaka lile korongo la siku ile, kisha nikakanyaga kabla ya mteremko, mbali, mahali ambapo hapana mtu. Mguu wa kwanza, juu. Nikasimama, nikarudi nyuma, nikarudia. Juu. Mpaka Kibaigwa nimekanyaga labda mara arobaini na sijaona tofauti kati ya vumbi na lami.

Habu zote mbili nimezigusa kwa mkono nilipofika, joto linalingana.

Mzee, masta ya zamani sijaitupa, iko kwenye mfuko chini ya kitanda.

Mzee_wa_Dramu

Mungu akuweke, wewe na mama na mtoto. Masta ifungue uone ndani. Kama ukuta wake hauna kutu wala mikwaruzo, itiwe raba mpya iwe akiba yako. Na usilale kwenye zile beringi: mpya hukaa, hulegea kidogo. Baada ya kilomita mia tano piga jeki tena, tikisa juu na chini. Hendibreki vuta kila unapoegesha, hata uwanda mtupu.

MkokaAlizeti

Sawa mzee wangu. Nimeandika kilomita za leo kwa chaki ndani ya mlango, na chini yake nimeandika za kurudi kukagua.